Jenereta Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mimi si mtu wa kukaa. Kanisani huchagua kiti kilicho karibu na mlango, na dukani kwangu Migori, ninakouza misumari, rangi na mabati, wateja wameshazoea kuniona nimesimama. Kwa hivyo daktari wa Homa Bay aliposema Mama arudishwe nyumbani Lambwe na mashine ya oksijeni, na kwamba mashine hiyo isikae imezimika muda mrefu, nilijua papo hapo kazi yangu ingekuwa ipi. Dadangu angemwosha, angemlisha na kumgeuza kitandani. Mimi ningeshughulikia stima.

Kwetu stima hupotea bila kuaga. Upepo ukivuma, imekwenda; mvua ikitishia tu, imekwenda. Pengine inarudi baada ya dakika kumi, pengine baada ya siku mbili, na ukipiga simu kuuliza unaambiwa mafundi wako njiani. Mapafu ya Mama hayangeweza kungoja mafundi walio njiani. Yalikuwa yameharibiwa na moshi. Kabla ya kurudi Lambwe kwa mume wake alikaa miaka mingi kisiwani Takawiri akinunua samaki wa wavuvi na kuwakausha kwa moshi, siku nenda siku rudi, uso wake juu ya tanuri. Sasa alipumua kwa mpira mwembamba uliowekwa puani, na mpira huo ulitoka kwenye mashine, na mashine ilitoka kwenye plagi ya ukutani.

Kulikuwa na jambo jingine lililonifaa sana, ingawa wakati huo nisingekubali. Kwetu Wajaluo mwanamume aliyeoa na kuwa na boma lake haingii chumba cha kulala cha mama yake. Haijalishi ni mgonjwa kiasi gani. Anaweza kukaa sebuleni na kuongea kupitia pazia, basi. Dadangu alikuwa akiingia na kutoka, nami nikabaki upande huu, na kutoka sebuleni hadi nyuma ya nyumba ni hatua ishirini. Huko ndiko nilikoiweka jenereta.

Nilikuwa nimeinunua kwa jamaa wa Ndhiwa aliyekuwa na duka la kinyozi. Iliwaka kwa kuvutwa kamba mara moja, ikanguruma vizuri, na mimi kwa haraka zangu sikuangalia chochote kingine. Nilipoiinamia nyumbani ndipo nikaona kwamba karibu na kabureta, mahali palipopaswa kuwa na springi, palikuwa na waya uliosokotwa. Nikampigia simu.

"Hiyo haina shida, boss," akasema. "Unaweka tu mahali unataka, inakwenda."

Ilikwenda kweli. Siku ya kwanza stima ilipopotea niliiwasha, nikachomeka mashine ya Mama, taa ya sebuleni na birika la umeme, kwa sababu dadangu alitaka maji ya moto. Injini ililemewa kidogo, nikaiongezea mafuta kwa kuusukuma ule waya, ikatulia. Nikajipongeza. Kisha maji yakachemka na dadangu akachomoa birika.

Mtu ambaye hajawahi kusikia injini ndogo ikiondolewa mzigo ghafla ana bahati. Ilipiga yowe. Ilianza kurukaruka pale chini, na kupitia dirishani nikaona taa ya sebuleni ikiwaka nyeupe pe, kisha ikafa. Mashine ya Mama ikaanza kulia kwa mlio wake wa hatari. Nilijitupa nikabana mkono wa kabureta kwa kidole, injini ikashuka, na mlio wa ndani ukanyamaza. Mashine ilipona kwa neema tu. Kidole changu kikabaki palepale, kwa sababu sikujua nikikiondoa kitatokea nini, na stima ilirudi baada ya saa mbili na nusu.

Siku iliyofuata nilileta uzi wa nyavu. Nilifunga ncha moja kwenye mkono wa kabureta na nyingine kwenye kidole gumba cha mguu wangu wa kulia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Mzigo ukiongezeka nalegeza mguu, mzigo ukipungua navuta. Usicheke, ilifanya kazi. Kwa siku nne mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza mwendo wa ile injini, na nilijifunza kuisikiliza mpaka nikajua dadangu amewasha taa ya jikoni kabla sijauona mwanga wake. Lakini kukaa kulinitesa. Mgongo uliwasha, miguu iliwasha, na kila boda boda iliyopita barabarani nilitamani niwe juu yake, popote inapokwenda.

Nikaona heri nikirudishe kazini kifaa chake chenyewe cha kuongoza mwendo. Mafundi wanakiita gavana. Ndani ya injini kuna vyuma viwili vidogo vinavyozunguka nayo. Injini ikienda kasi, vyuma vinatanuka na kusukuma mkono uliotokeza nje, nao unafunga mafuta. Springi inavuta upande wa pili, inafungua. Vyuma na springi vinavutana hivyo siku nzima, na mahali vinapolingana ndipo mwendo unapokaa. Hakuna umeme humo wala akili ya kompyuta. Yule kinyozi alikuwa amepoteza springi, akafunga waya, na kile kifaa kizuri kikabaki kinatikisika bure kando.

Mimi ni mwenye duka la vifaa, kwa hivyo niliona jambo la springi ni dogo. Nilianza na ya kalamu. Injini ikajikokota tu, haikuwa na nguvu hata ya kuwasha taa. Nikaleta nyingine, ya mlango wa wavu, nikaikata kwa koleo. Mkono wa gavana ulikuwa na matundu matano ya kuning'inizia springi, na nikachagua lililo karibu kabisa na shina, kwa kuwa pale mkono uliitika hata ukiguswa kwa pumzi. Nilichotaka kilikuwa rahisi: mwendo usibadilike hata kidogo. Mzigo uje, mzigo uondoke, Mama asijue.

Matokeo yake ni kwamba injini ilichanganyikiwa. Ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, bila mtu kugusa chochote. Nilichomeka mita, sindano ikawa inakwenda na kurudi haitulii. Nikapaka mkono grisi, nikapinda springi, nikainyoosha, nikaikata pete moja, nikajuta, nikakata nyingine mpya. Kila nilichofanya kiliongeza wazimu. Dadangu alitoka, akasimama kwenye kona ya nyumba na kikombe mkononi. Yeye ni mtu wa kufikiri kwanza ndipo aseme, na nilimwona akifikiri.

"Mama anauliza," akasema hatimaye, "mbona unaikimbiza na kuirudisha kama mtu anayefukuza kuku."

Nyumbani tuliongea Kijaluo, na hapa nimeweka maneno yetu kwa Kiswahili, lakini kwa Kijaluo ilichoma zaidi.

Wiki hiyo hiyo wamama wa kanisa walikuja kumwombea. Stima haikuwapo. Waliingia chumbani na sketi zao nyeupe, wakaimba, na waliimba kwa moyo. Mimi nje sikuweza kusikia injini. Nilivumilia wimbo mmoja. Wa pili ulipofika kwenye kiitikio nilikwenda dirishani nikagonga bati.

"Punguzeni sauti kidogo! Sisikii kabureta!"

Wimbo ukakatika. Kisha nikasikia Mama akicheka, kicheko chembamba kilichoishia kwenye kikohozi kirefu, na mmoja wa wale wamama akasema kwa sauti ya kuniadhibu kwamba huyu kijana hajabadilika. Nina zaidi ya miaka hamsini. Niliona aibu, lakini nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na furaha pia, kwa sababu nilikuwa nimemchekesha.

Stima iliporudi niliipakia jenereta kwenye pikapu nikaenda nayo Migori. Mkabala na duka langu kuna fundi, mwanamke Mkuria wa miaka thelathini hivi, ambaye watu wa migodi ya dhahabu humletea pampu zao za maji. Nilikuwa nimemsalimia miaka mingi bila kuwahi kumpa kazi. Alikuwa akitafuna muwa. Alizunguka jenereta mara moja, akainama, akatema makapi kando.

"Hii springi umefunga wewe, mzee?"

"Ni mimi."

"Naona. Hii ni ya mtu ako na haraka."

"Kwani imeandikwa?"

"Imeandikwa hapa," akasema, akigusa lile tundu la karibu. "Ukishika hapa, kitu kidogo tu inashtuka. Inafunga sana. Alafu inaona imefunga sana, inafungua sana. Haiwezi tulia juu ya vile unaisumbua." Akaitoa springi yangu, akatafuta nyingine ndefu kwenye mkebe wake, akaining'iniza kwenye tundu la nne. "Hapa mbali inakuwa nzito kidogo. Mzigo ikiingia itashuka kidogo, na wewe utaiacha ishuke."

"Ishuke kiasi gani?"

"Kidogo. Haitakufa."

"Na nikitaka isishuke kabisa?"

"Basi shika na mkono, mzee, ukae hapo mpaka Yesu arudi."

Alirekebisha skrubu, akaiwasha, akachomeka mashine yake ya kukatia chuma na kuibana kwenye kipande cha chuma. Injini ikashuka kidogo, ikaendelea na kazi. Kisha akaizima ile ya kukatia. Nilishika masikio, lakini hapakuwa na yowe. Injini ilipanda kidogo kama mtu aliyeitwa akainua kichwa, mkono wa gavana ukaivuta, ikarudi chini ikanguruma polepole. Fundi aliokota muwa wake akaendelea kutafuna. Nilimwonea wivu, na siyo kwa ufundi peke yake.

Nilirudi Lambwe na jenereta isiyonihitaji. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza hasa. Stima ilipotea, niliwasha, nikachomeka, nikasimama nikitazama mkono wa gavana ukipumua taratibu, na hapakuwa na cha kufanya. Nilipima oili. Nilifuta tanki. Niliipima oili tena. Nilizunguka boma, nikahesabu miche ya migomba niliyoijua idadi yake. Nikiingia sebuleni nilisikia pumzi za Mama nyuma ya pazia na sikuweza kukaa dakika tano. Kule nje nilikuwa mwana mwema anayehangaikia mama yake. Ndani nilikuwa mtu anayesikiliza.

Siku ya tatu dadangu alitoka akaniambia Mama anataka kitanda chake kihamishiwe sebuleni. Nikaanza kupinga. Vumbi, nikasema, na wageni, na baridi ya mlangoni. Mama alikuwa ananisikia.

"Nimechoka kumsikia mwanangu kupitia injini," akasema kutoka nyuma ya pazia, akipumzika kati ya maneno. "Sasa naijua hiyo injini kuliko ninavyokujua wewe. Nitoeni."

Dadangu na majirani wawili walikibeba kitanda na yeye akiwa juu yake, na pazia lilipoishia ndipo nilipopokea miguu ya mbele. Nilikuwa sijamwona uso wake kwa wiki tatu. Nilijua atakuwa amekonda, kila mtu alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Mikono yake, iliyokuwa ikigeuza samaki juu ya moto bila kitambaa, ilikuwa imelala juu ya shuka kana kwamba mtu mwingine ameiweka hapo. Nilishtuka na nikaogopa sana. Tulipokiweka kitanda chini nilisema, "Ngoja niangalie petroli."

Tanki lilikuwa limejaa. Nilisimama pale nyuma nikilia kidogo, nikanawa uso kwa maji ya pipa, nikarudi.

Siku mbili hizo za mwanzo niliinuka mara nyingi hivi kwamba Mama alianza kunihesabia. "Hiyo ni ya nne tangu chai," angesema. Alinikumbusha tulipokuwa Takawiri, mimi nikiwa mdogo, jinsi alivyokuwa akifunika mdomo wa tanuri kwa gunia bichi na kuniachia nilinde, mbwa wasikaribie. Kazi ilikuwa hiyo tu, kufukuza mbwa. Lakini kila alipogeuka mimi nililifunua gunia nione samaki wamefikia wapi, moto unapata hewa unaruka, na jioni anapata samaki weusi nje, wabichi ndani.

"Ulinitia hasara," akasema.

"Pole, Mama."

"Hukuwa unaiba. Ningejua unaiba ningekuchapa. Ulikuwa tu huwezi kuacha kitu kiive."

Nikacheka. Nikainuka. Akanishika mkono wa shati kwa vidole viwili, bila nguvu yoyote, na ningeweza kuendelea kutembea bila hata kuuhisi.

"Unaogopa nife ukiwa unaniangalia," akasema.

"Hapana, Mama. Ni ile injini—"

"Mimi naogopa nife nikiwa naangalia mlango."

Dadangu alikuwa akichambua mboga karibu na dirisha, na mikono yake ilisimama. Nilikaa. Nilisogeza kiti mpaka magoti yangu yakagusa kitanda, na nikamwahidi. Nilitamka kabisa, nitakuwa hapa. Alifumba macho kama mtu aliyemaliza kazi fulani.

Na nilijitahidi, naomba hilo lijulikane. Kwa siku sita nilikaa. Stima ilipotea mara mbili, nikatoka, nikawasha, nikarudi bila kugusa oili wala skrubu. Mzigo ulipoingia nilisikia injini ikishuka kidogo na mwili wangu wote ukataka kukimbia, nikashika ukingo wa kitanda, nikaiacha ishuke. Haikufa. Mama alizungumza kidogo kila siku, mambo madogo: jirani wa Takawiri aliyedanganya mizani, kitambaa alichonunua Mbita kikachuja rangi siku ya arusi, baba yangu na wivu wake. Sijawahi kumsikia mama yangu akiongea namna hiyo, au tuseme sijawahi kukaa hadi mwisho. Siku ya tano alilala na mkono wake ndani ya wangu na mimi nikasinzia palepale kwenye kiti, mchana kweupe. Nilipoamka nilijiona mtu mpya kabisa. Nilijidanganya kwamba nimepona.

Siku ya saba stima ilipotea baada ya chakula cha mchana. Niliwasha jenereta, nikarudi, nikakaa. Mama alikuwa amelala tangu asubuhi na hakuwa amekula. Pumzi zake zilikuwa zikija kwa mafungu, nne tano za haraka, kisha kimya, kisha tena. Kila kimya nilikisubiri kiishe. Nilikaa saa nzima na zaidi. Halafu nikasikia injini ikikwama kidogo, mkwamo mdogo sana, kama tone la maji kwenye petroli.

Leo najua haikukwama. Nilijua hata wakati ule, nadhani, mahali fulani ndani. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshasimama.

"Kaa naye kidogo," nikamwambia dadangu. "Narudi sasa hivi."

Huko nyuma kila kitu kilikuwa sawa. Petroli ilikuwapo, oili ilikuwapo, moshi ulitoka safi. Niliinama nikaitazama springi katika tundu lake la nne. Ningerudi wakati huo huo, nimefikiria hilo mara nyingi, lakini kule nje palikuwa na jua na hapakuwa na zile pumzi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kupumzika kidogo. Sijui ni dakika ngapi. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa gavana, na nilikuwa nikiutazama uliposogea.

Injini ilipanda kidogo. Mkono ukaivuta. Ikashuka, ikatulia, ikawa inanguruma polepole bila kazi.

Ilikuwa mchana, taa zilikuwa zimezimwa. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akichemsha maji. Kitu kimoja tu kilikuwa kimechomekwa kwenye ile jenereta, na mtu alikuwa amekizima.

Sikukimbia. Ni ajabu, mimi niliyekimbilia kila kitu, nilibaki nimekaa nikiisikiliza ikienda vizuri kuliko ilivyowahi kwenda, na niliichukia, na nilijichukia zaidi. Baada ya muda dadangu alitokea kwenye kona ya nyumba. Leso yake ilikuwa imemshuka begani. Alifungua mdomo na mimi nikainua mkono.

"Najua," nikamwambia. "Usiseme bado."

Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama Mama alifumbua macho, na kama aliyafumbua alikuwa akiangalia wapi.

Dadangu ni mtu wa kufikiri kwanza ndipo aseme. Safari hii alijibu kabla sijamaliza kuuliza. Alisema hapana, hakuyafumbua kabisa.